Miaka 17 Baadaye Nimerudi Silent Hill, na Nina Neno na Mabibi Harusi



Leo sina habari ya shela wala ya lasi. Wale mnaosubiri makala ya magauni ya nikaha ya mikono mirefu, inakuja inshaallah, nimechelewa kupiga picha tu. Leo nataka kuzungumza juu ya gemu. Naam, gemu la kwenye televisheni, tena la kutisha. Najua wengine mtasema huyu fundi wetu leo kapatwa na nini, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, anakesha mpaka saa nane za usiku ameshika pedi mkononi. Semeni, kisha mnisikilize, maana jambo hili mwisho wake linatuhusu sisi wenye ndoa na nyinyi mnaotarajia.

Gemu lenyewe linaitwa Silent Hill 2. Lilitengenezwa Japani na kampuni ya Konami na kutoka mwaka 2001 kwa ajili ya PlayStation 2. Kwetu liliingia mwaka 2006, mjomba aliporudi kutoka Muscat na ile mashine ndani ya boksi la biskuti, pamoja na sidii kumi na mbili, nyingi za mpira. Tulikuwa tunakaa Michenzani. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa akishika pedi, mimi nikikaa nyuma yake na kamusi, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji na changu cha kidato cha tatu. Kila barua, kila karatasi iliyobandikwa ukutani mule ndani ya gemu, nilimsomea mimi. Nikifasiri vibaya tunapotea. Tulipotea mno.

Kisa chake ni hiki. James, Mmarekani, mume wa mtu, anapokea barua kutoka kwa mkewe Mary. Mary anamwambia anamsubiri katika mji wa Silent Hill, pale walipowahi kwenda kupumzika pamoja. Tatizo ni kwamba Mary ameshakufa, kwa maradhi, na James mwenyewe anasema imepita miaka mitatu. Pamoja na hayo anaingia kwenye gari na kwenda kumtafuta. Mji ameukuta umejaa ukungu, hauna watu, na umejaa viumbe.

Mwaka 2008 tulikuwa tumefika hospitalini, ndani ya gemu nasema, pale penye manesi wasio na nyuso. Ndipo umeme ulipokatika kisiwani kwetu, na wenzangu wa umri wangu mnakumbuka, karibu mwezi mzima tuko kwenye vibatari na majenereta. Umeme uliporudi mimi nilikuwa nimeanza kozi ya ushoni, mdogo wangu anasubiri matokeo yake, na pedi ilikuwa imeliwa na panya waya. Hatukurudi tena. Mwaka 2010 na yeye akamfuata mjomba Muscat.

Kwa hiyo miaka yote hii mimi nimeishi nikijua nusu ya kisa. Mule ndani mna jitu moja la kiume, kichwani limevaa kitu cha chuma mfano wa piramidi, linaburura kisu kikubwa kama mlango. Mimi nilijiamulia mwenyewe kuwa hilo ndilo lililomuua Mary, na kazi ya James ni kulipiza kisasi. Nilikuwa na hakika kabisa. Hata nikimsimulia mtu nilikuwa nasimulia hivyo.

Mwaka huu baada ya Idi mdogo wangu alikuja likizo na PlayStation 5, ndani yake mna Silent Hill 2 iliyotengenezwa upya. Hii mpya ilitoka Oktoba 2024, na walioitengeneza ni Wapolandi wa Bloober Team. Nikamwambia tulimalize. Akacheka. Tukaanza baada ya isha, watoto wameshalala, mume wangu amekaa na simu yake anajidai hatazami.

Kabla sijaendelea, kama unataka kulicheza mwenyewe bila ya kujua mwisho wake, ishia hapa, uniwie radhi. Nitasema kila kitu.

Nianze na kilichonigusa kama fundi. Mwanzoni James hana taa. Anaingia kwenye jengo la fleti, giza tupu, na ndani ya chumba kimoja anakuta sanamu la nguo, lile lile tunalotumia sisi madukani kusimamishia gauni, limevalishwa nguo za mkewe. Na kwenye nguo hiyo ndipo ilipobandikwa tochi. Ukishaichukua ile tochi unaweza kuona, na kitu cha kwanza unachokiona ni kiumbe kilichounganishwa kwa miguu ya masanamu ya dukani, miguu miwili chini, miguu miwili juu pahala pa mikono, kichwa hakina. Nilipokuwa msichana nilipiga ukelele nikafunika uso kwa mtandio. Safari hii nilimwambia mdogo wangu asimamishe kwanza nitazame. Miaka kumi na tano nafanya kazi na masanamu ya nguo, ninalo moja nimelinunua Kariakoo, shingo imevunjika, na sikuwahi kufikiri kwamba kiwiliwili kisicho na uso ndivyo mume anavyoweza kumkumbuka mkewe. Nguo anaikumbuka. Umbo analikumbuka. Uso haupo.

Na hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Nitafupisha katikati, maana katikati ya gemu hili ni kutafuta funguo na kufungua milango. Katika lile la zamani ilikuwa taabu, ukibonyeza juu James haendi juu, anakwenda anakoelekea uso wake, na kamera inamtazama kutoka kwenye dari kama mjusi. La zamani ukiliweza unalimaliza kwa saa nane hivi. Hili jipya linakaribia mara mbili yake, kamera iko begani mwake, na picha ni nzuri mpaka unaona unyevu kwenye koti lake. Kuna watu wanalalamika kuwa limerefushwa bure. Mimi pia pale kwenye fleti nilichoka, nikaenda kupika chai, nikarudi bado anazunguka. Lakini uso wa James wa sasa unalia, unatetemeka, na hili la zamani halikuwa nalo. James wa zamani alikuwa anazungumza kama mtu anayeota. Sijui yupi bora. Yule wa zamani ndiye aliyenidanganya, kwa hiyo labda yeye.

Nitaje pia kuwa wamebadilisha mavazi ya Maria. Maria ni mwanamke anayekutana naye pale kando ya ziwa, sura ni ya Mary mtupu, lakini kajikwatua, nywele rangi nyingine, na lile vazi la zamani lilikuwa la kuonyesha tumbo na mapaja. La sasa limesitiri kidogo, na wanaume mitandaoni walipiga kelele miezi. Wallahi nilicheka. Vita vya kipande cha kitambaa mimi navijua kila wiki, baina ya bibi harusi na mama mkwe wake.

Sasa mwisho. James anafika hotelini, chumba namba 312, chumba walichokaa na mkewe siku zao za furaha. Mna televisheni na mkanda wa video. Anauweka. Kwanza anaonekana Mary, anazungumza, anakohoa. Kisha inaonekana James anamwinamia kitandani, na anambana uso kwa mto mpaka anakata roho. Mary hakufa miaka mitatu nyuma. Ni karibuni tu. Aliugua miaka mitatu, mume akachoka, akamuua, akasahau.

Lile jitu la kisu halikumuua mtu aliyekuwa hai. Limetoka kwake yeye James, alilihitaji la kumuadhibu. Vile viumbe vyote ni vyake. Wale manesi wasio na nyuso ni miaka yake ya kukaa kwenye viti vya hospitali. Na tazama hili, mule mjini mna mtoto wa kike wa miaka minane, Laura, anazungukazunguka peke yake wala haogopi, wala hapati dhara. Aliwahi kulazwa hospitali moja na Mary wakapendana. Yeye haoni jinamizi lolote. Kwake mji ni mji tu. Wala si mji wa majini, nawaambia wale watakaoniandikia. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa, asiyependa aache, na watoto wasilikaribie kabisa, Ulaya wameliwekea miaka 18 na wana haki. Lakini ukiniuliza kama nimeona uchawi mule ndani, jibu langu ni hapana. Nimeona mgonjwa na mwangalizi wake.

Kabla ya kuzima mchezo kuna ukumbi mrefu, giza, unatembea tu, na unasikia sauti zao wawili. Ni kumbukumbu. James amempelekea mkewe maua hospitalini, na Mary anamfukuza. Anamwambia hataki maua, anajiona amekuwa kituko, ende zake asirudi. Halafu, mumewe akiondoka, sauti inageuka, anamlilia asiondoke, akae naye, amwambie kwamba atapona.

Mdogo wangu alikuwa ameshika pedi. James amesimama ukumbini, hatembei. Nilidhani imeganda. Kumbe ni yeye aliyeacha kubonyeza.

"Dada," akaniuliza, hakugeuka, "mama alikuwa akikukasirikia vile?"

Hapa niwaeleze. Mama yetu alipatwa na kiharusi mwaka 2017. (Kiswahili chetu nacho kina kejeli zake, mimi nashona harusi na mama yangu kaangushwa na kiharusi.) Upande wa kulia wote ulilala, na maneno yakawa yanatoka nusu. Alikaa hivyo miaka miwili na miezi mitatu, nyumbani kwangu, chumba cha nyuma ya duka. Mdogo wangu alikuwa Muscat. Pesa alileta kila mwezi, sitamdhulumu, hakukosa hata mmoja. Alikuja mara mbili, wiki mbili kila safari, na mama alikuwa akimwona anafurahi, ananyoosha mkono wake mzima, anatabasamu nusu uso. Akiondoka yeye, tunabaki mimi na mama.

Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ama mgongo unaoza. Hili sikulisoma popote, niliambiwa na nesi baada ya kidonda cha kwanza kuwa kishatoka. Kumwosha, kumbadilisha pampasi, kumlisha uji kijiko baada ya kijiko na huku unamtazama koo asipaliwe. Msimu wa harusi haungoji. Nilikuwa na magauni manane ya mwezi wa Shaaban, nakaa kwenye cherehani dakika arubaini, nainuka. Na mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kunipigia kelele, alinitupia bakuli la uji. Likanipiga hapa, begani. Alinitukana, na katika maneno yake yote yaliyopotea, lile tusi lilitoka zima. Nikatoka nje nikasimama uani. Nikamsikia ananiita. Aliweza kusema jina langu na neno moja tu jengine, usende.

Niliwahi kuomba, baada ya sala ya usiku, ya Rabbi mpumzishe mama yangu. Ni dua nzuri, watu wote huomba hivyo. Lakini mimi nilijua usiku ule nilikuwa namwombea nani apumzike. Mama alifariki mwaka 2019, mikononi mwangu, kwa ajali yake, Alhamdulillah, na watu walikuja wakaniambia umefanya kazi kubwa, pepo yako iko hapo. Na mimi nikawa naitika amin huku nahisi kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake.

Ndiyo maana mkanda ule wa video ulipoonyeshwa mimi sikusema "mshenzi huyu". Mume wangu alisema, kutoka kule kwenye simu yake. Mimi nilinyamaza. James alitenda dhambi kubwa, kuua ni kuua, na gemu lenyewe halimtetei. Mwisho kabisa anaulizwa na mkewe, anajaribu kusema alitaka kumwondolea mateso, kisha anakiri kwamba pia alimchukia, alitaka maisha yake yarudi. Yote mawili kweli kwa pamoja. Sijapata kuona filamu ya Kihindi wala tamthilia ya Kituruki iliyothubutu kusema hivyo juu ya mtu anayemuuguza mtu. Sisi hatusemi. Sisi tunasema "ni mtihani" na tunakwenda kupika.

Sasa nije kwenu, mabibi harusi.

Mnapokuja dukani kwangu tunapima kifua, kiuno, urefu. Tunazungumza hina, picha, ukumbi, keki, rangi za mashoga wa bibi harusi. Wenye kusomeshwa na somo mnatoka huko mmejifunza udi, asumini, jinsi ya kumpokea mume, jinsi ya kutandika kitanda. Mazuri yote hayo, na mimi nilisomeshwa, somo yangu Mungu amrehemu. Lakini hakuna aliyenisomesha kugeuza mwili mzito usiojisaidia. Hakuna aliyenambia kuwa mgonjwa unayempenda utamkasirikia, na kuwa hasira hiyo ukiificha sana inaota meno. Kitanda ni kile kile, jamani. Somo anayejua kukitandika kwa asumini anajua pia kukitandika kwa mgonjwa, kwa sababu wengi wao ni watu wazima wameshauguza. Wanajua. Hawatwambii kwa kuwa siku hiyo ni ya furaha na wanaona ni nuksi.

Naona ni kosa. Nasema waziwazi na atakayekasirika akasirike.

Na kosa kubwa zaidi ni kuwa yule mwanamme hasomeshwi kabisa. Sisi mzigo wa kuuguza tunaujua utatuangukia, mume akiugua tutakaa, mama mkwe akiugua tutakaa. Lakini wewe ukiugua?

Nina mteja, nilimshonea gauni la satini, mkia mita mbili, shanga za mkono, kazi ya wiki tatu. Baada ya miaka minne alirudi na lile gauni kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amepungua hata sikumtambua mpaka aliposema. Figo. Anataka nilikate nimshonee binti yake nguo ya Idi. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, baba mtoto hajambo? Akanambia yeye sasa yuko kwao, kwa mama yake, mume alimleta. Hakumwacha. Alimleta tu, na mabegi, akamwambia "ukipona nitakuja kukuchukua." Alinisimulia bila ya kulia, anachambua shanga kwa kucha. Sikuchukua pesa ya kushona. Na si yeye peke yake, nyinyi wenyewe mnawajua wenu.

Hakuua mtu, mwanamme yule. Sheria haimgusi. Lakini nilipomwona James anatembea kwenye ukungu akisema mke wangu alikufa zamani, miaka mitatu sasa, na mke hajafa muda huo, nilimkumbuka yeye. Kuna wanaume wanaomzika mke siku ya majibu ya daktari.

Mwisho wa gemu hauko mmoja. Unategemea ulivyocheza, na wala hukuambiwa kuwa unapimwa. Ukijali afya ya James, ukaitazama mara kwa mara picha ya Mary na barua yake, ukasikiliza yale mazungumzo ya ukumbini mpaka mwisho, anatoka mjini akiwa hai, pamoja na yule mtoto. Ukimwacha na majeraha bila kumtibu, anakwenda kujimaliza ziwani, na huo sikutaka hata kuutazama. Na ukiwa karibu na Maria muda wote, ukimlinda, ukarudi kumwangalia, unapata mwisho wake yeye Maria.

Katika hili jipya tulipata ule wa kuondoka. Usiku wa pili tukatoa mashine ya zamani chini ya meza yangu ya kukatia, tukaipangusa, na wallahi ikawaka. Memori kadi pia ilikuwa nzima, na mule ndani mna faili letu la 2008, hospitalini, pale pale kwenye ule mraba mwekundu wa kuhifadhia. Mdogo wangu akaendelea kutoka hapo, kwa pedi ya kuazima kwa jirani. Kumbe yule kijana wa miaka kumi na sita alikuwa akimsubiri Maria kila pembe, alimpenda, nilikuwa nikimtania, na naye wa leo akaendelea vile vile. Basi yeye akapata mwisho wa Maria. James anaondoka na huyu mke mpya, mzuri, mzima, sura ya yule wa kwanza bila ya maradhi yake. Wanafika garini. Na Maria anakohoa. James anamwambia kikohozi hicho kishughulikie.

Basi, kimekwisha. Hapo ndipo majina ya watengenezaji yanapanda.

Tumesomeshwa chuoni sote kisa cha Nabii Ayub, alayhi salaam, na mke aliyebaki naye katika maradhi yake watu walipomkimbia. Tunakisimulia kama kisa cha subira ya mwanamme mgonjwa. Mara chache namsikia mtu akisimama kwa yule mke. Na wafasiri wanasimulia kuwa hata katika nyumba ile ilitokea hasira, akaapa kumpiga mkewe atakapopona, na Mwenyezi Mungu akamwekea njia nyepesi ya kutimiza kiapo chake bila ya kumuumiza, kwa shada la majani. Nyumba ya Mtume, na uchovu uliingia. Mimi kisa hiki nilipokisikia tena safari hii kilinifariji kuliko rambirambi zote za 2019.

Kwa hiyo siku ya kuposwa, pamoja na kuuliza kazi na nyumba, mwambieni walii wenu aulize na hili. Nani aliuguzwa kwenu? Nani alimuuguza? Wewe ulifanya nini? Mwanamme aliyewahi kumwosha babu yake au kulala chini ya kitanda cha mama yake hospitalini atakujibu mara moja, tena kwa vitu vidogo vidogo, uji ulikuwa wa nini, dawa ilikuwa saa ngapi. Asiyewahi ataanza hotuba. Asiyewahi si lazima awe mbaya, wengine ni wadogo tu na hawajafikwa. Lakini utajua unaanzia wapi.

Nilimjibu mdogo wangu. Nilimwambia ndiyo, alikuwa akinikasirikia vile, na mimi nilikuwa nikimkasirikia. Nikamsimulia bakuli la uji. Nikamsimulia na ile dua, ambayo sikuwahi kumwambia hata mume wangu, na mume wangu alikuwa pale pale, simu ameiweka chini. Mdogo wangu alikaa kimya muda. Kisha akanambia yeye alipokuwa Muscat, kila simu ikilia usiku alikuwa anatamani iwe ndiyo hiyo, ya msiba, ili kumalizike. Kisha inakuwa si hiyo, na anafurahi kwa kweli, na anatuma pesa zaidi.

Hatukusema zaidi. Alibonyeza, James akaendelea kutembea ukumbini.

Ameondoka Jumanne. Ile mpya kaondoka nayo, ya zamani nimeirudisha chini ya meza ya kukatia, na faili la 2008 sijalifuta.